Lango la tozo halijui kujifunga!

NDUGU msomaji, ukisikia wakubwa wanatangaza habari ya kupanua daraja, kuboresha daraja, kulifanya daraja liwe la kisasa, usikimbilie kupiga makofi. Subiri kidogo. Uliza kwanza maswali mawili ambayo hayapendwi katika shughuli za kukata utepe: Nani analipa? Na atalipa mpaka lini?

Swali la kwanza jibu lake unalijua hata kabla hujauliza. Anayelipa ni wewe. Ni swali la pili ambalo likiulizwa watu huanza kukohoa, kupekua mafaili na kumwita mtaalamu aje kueleza mambo kwa lugha ambayo mlalahoi haielewi.

Leo nataka tulizungumze hilo la pili bila kuogopana.

Naanza kwa kusema wazi kwamba daraja la kulipia si dhambi. Saruji inanunuliwa, nondo zinanunuliwa, na mkandarasi hafanyi kazi kwa kulipwa shukrani. Hakuna mwendawazimu anayedai madraja yaote kama uyoga. Dhambi ni kumweka mwananchi langoni kila siku akitoa hela, bila kumwambia deni lilikuwa kiasi gani, limelipwa kiasi gani, limebaki kiasi gani, na ni siku ipi kizuizi kitanyanyuliwa kisishuke tena. Hilo sasa linaacha kuwa deni na kuwa ulaji.

Tuanzie nyumbani.

TUNAYOYAJUA YA KIGAMBONI

Daraja la Nyerere, ambalo wengi tunaliita Daraja la Kigamboni, liliwekewa jiwe la msingi na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012, na kufunguliwa na Rais John Magufuli tarehe 19 Aprili, 2016. Urefu wake ni mita 680. Lina njia sita za magari, tatu za kwenda na tatu za kurudi, na njia za waenda kwa miguu pembeni. Gharama iliyotangazwa ni zaidi ya shilingi bilioni 214. Asilimia 60 ya hizo zilitoka NSSF, yaani michango ya wafanyakazi. Asilimia 40 zilitoka Serikalini, yaani kodi yako na yangu.

Tuseme kweli ili shetani aaibike: daraja ni zuri na lilihitajika. Mtu anayelibeza hajawahi kusimama Magogoni jua la saa saba akisubiri pantoni iliyozima injini katikati ya maji. Hajawahi kuona mgonjwa yuko kwenye gari, hospitali anaiona kwa macho ng'ambo ya pili, na foleni haisogei. Walioshangilia siku ile ya Aprili walikuwa na haki ya kushangilia.

Kisha wakafika langoni.

Mtembea kwa miguu aliachwa apite bure, na hilo tunalishukuru. Lakini mwenye pikipiki aliambiwa atoe shilingi 600. Mwenye bajaji, shilingi 1,500. Mwenye gari dogo, shilingi 1,500. Hapo ni kuvuka mara moja tu. Ukirudi jioni kwa mkeo na watoto unatoa tena.

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji, tupige hesabu ya darasa la nne. Shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi ni 3,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 78,000 kwa mwezi. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa biashara na viwanda, kwa amri ya mwaka 2013, kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kuvuka maji tu, kwenda na kurudi mara moja kwa siku, kulikuwa kunakula theluthi mbili za kiwango ambacho Serikali hiyo hiyo ilisema kinamtosha Mtanzania kula, kulala, kuvaa na kusomesha!

Utasikia wanasema mwenye gari ana uwezo. Danganya toto hiyo! Bajaji si gari la kifahari, ni jembe la kijana aliyekosa ajira, na mara nyingi si yake, anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Kijana huyo akivuka mara tatu kwenda na kurudi alikuwa anaacha langoni shilingi 9,000 kabla hajanunua petroli wala hajampelekea tajiri hesabu. Atazitoa wapi kama si kwako wewe abiria? Na nyanya zilizopanda kwenye pikapu zinalipiwa na nani? Nyanya haina mfuko. Anayelipia ni mama anayezipanga mafungu kwenye meza, naye anakuongezea wewe mnunuzi.

Kwa hiyo hata yule ambaye hajawahi kumiliki tairi moja la baiskeli alikuwa analipa. Alilipa kwenye nauli, akalipa kwenye mafungu ya nyanya, akalipa kwenye mfuko wa saruji ya kujengea chumba chake. Tofauti ni kwamba yeye hakupewa risiti.

SHILINGI ELFU MOJA ILIKUWA YA NINI?

Miaka sita ikapita hivyo. Wananchi walilalamika, na si wapinzani peke yao. Marehemu Dk. Faustine Ndugulile, aliyekuwa mbunge wa Kigamboni kupitia chama tawala chenyewe mpaka alipofariki Novemba 2024, alilisemea jambo hili Bungeni bila kuchoka. Ukiona mtu wa ndani ya nyumba anapiga kelele kwamba paa linavuja, ujue mvua imekwisha kuingia mpaka chumbani.

Mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Pikipiki ikashuka kutoka shilingi 600 hadi 300. Bajaji ikashuka kutoka shilingi 1,500 hadi 500. Ukawekwa na utaratibu wa kulipia kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi. Wakubwa wakapigiwa vigelegele kwa huruma yao.

Mimi sikupiga kigelegele. Mimi nauliza: kama shilingi 1,500 za bajaji ziliweza kugeuka kuwa 500 na daraja lisitikisike, wala NSSF isifunge milango, ile shilingi 1,000 ya juu ilikuwa inalipia nini kwa miaka sita? Nani aliipanga? Kwa hesabu gani? Kama 1,500 ilikuwa ndiyo hesabu halali ya kulipa deni, basi kupunguza kumelirefusha deni, na mwananchi alipaswa kuambiwa limerefuka mpaka mwaka gani. Na kama 500 ndiyo hesabu halali, basi kuna watu walitozwa mara tatu ya haki kwa miaka sita mfululizo. Hakuna njia ya tatu hapo.

Halafu kuna ile asilimia 40 ya Serikali. Hiyo ilikuwa kodi. Mwananchi alikwisha kuitoa kwenye sukari, kwenye sabuni, kwenye muda wa maongezi. Je, tozo ya langoni ilipangwa kurudisha michango ya NSSF peke yake, au na ile kodi pia? Kama ni na kodi pia, mwananchi ameuziwa mbuzi wake mwenyewe, tena kwa bei ya mnada.

KWENDA MASAKI NI BURE

Hapa ndipo panapouma zaidi.

Mwaka 2022, mwaka ule ule wa huruma ya Kigamboni, lilifunguliwa Daraja la Tanzanite. Ni daraja la zaidi ya kilometa moja, linapita baharini kutoka upande wa Aga Khan hadi Coco Beach, kwa mkopo kutoka Korea Kusini. Ni refu kuliko la Kigamboni. Ukilivuka unaingia Oysterbay, ukisogea mbele kidogo uko Masaki. Unajua nani wanaishi huko. Ni wale wa mashangingi yenye vioo vya giza, wale ambao petroli yao wengi wao wanawekewa kwa hela ya umma.

Je, wamewekewa lango? Thubutu! Wanateleza tu kama samaki.

Njia ya juu ya Mfugale pale TAZARA ilifunguliwa mwaka 2018, haina lango. Ile ya Kijazi pale Ubungo ilifunguliwa 2021, haina lango. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji limesimama tangu 2003, karibu kilometa nzima, na mtu wa Lindi na Mtwara analivuka bila kupekua mfuko. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na Hazina ililibeba lote mgongoni. Hilo ni zaidi ya mara tatu ya gharama ya Kigamboni!

Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Rufiji wala wa Ziwa. Nao ni Watanzania, na kuvuka kwao bure ni haki yao. Tunachouliza ni hiki: ni kanuni gani inayosema mkazi wa Masaki avukie kodi ya wote, na mkazi wa Vijibweni avukie mfuko wake? Kanuni hiyo imeandikwa wapi? Ilipitishwa na Bunge lipi? Mwananchi wa Kigamboni anapolipia maji ya Kurasini anahesabiwa kuwa yuko nchi ya kigeni?

Na asije mtu akatuambia kwamba anayelipa langoni hachangii barabara kwingine. Anachangia kama mwingine yeyote. Kila lita ya petroli na dizeli anayonunua ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa, iliongezwa shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa. Kituo cha mafuta cha Kigamboni hakikusamehewa hata senti. Dereva wa huko amelipia barabara ya Masaki kwenye pampu, akavuka nusu saa baadaye, akalipia daraja lake mwenyewe langoni. Punda mmoja, mizigo miwili.

HELA YA WAZEE HAIKUULIZWA PALE DEGE

Utetezi wao mkubwa unajulikana. Wanasema: hela ile ni ya wanachama wa NSSF, ni jasho la wafanyakazi, ni pensheni ya wazee, haiwezi kutolewa sadaka.

Ni kweli kabisa, na hapa nataka tuelewane vizuri. Sisi hatusemi hela ya wanachama iliwe. Mfanyakazi aliyekatwa mshahara wake miaka 30 lazima arudishiwe chake, tena na faida yake. Atakayejaribu kumdhulumu tutapambana naye sisi wenyewe.

Lakini kurudisha hela ya NSSF hakuhitaji kizuizi cha chuma barabarani. Serikali iliyoweza kutoa zaidi ya bilioni 700 kule Busisi ina uwezo wa kuwalipa NSSF sehemu yao, ambayo ni kama bilioni 128 kwa zile hesabu za asilimia 60, wakatoa na faida halali kwa mafungu ya miaka michache. Mzee akapata pensheni yake, mwenye bajaji akapita. Tatizo si uwezo. Tatizo ni nani anaonekana ana thamani ya kubebwa.

Na kama kweli uchungu ni wa hela ya wazee, basi twende Kigamboni hiyo hiyo tukaangalie Dege. Pale NSSF iliingia ubia kujenga mji wa nyumba zaidi ya 7,000. Mradi ukasimama mwaka 2016, mwaka ule ule daraja lilipofunguliwa. Magofu yakabaki yanatazama bahari. Zile nazo zilikuwa hela za wazee! Je, liliwekwa lango mlangoni kwa wale walioupitisha mradi ule, kila mmoja atoe shilingi 1,500 akitoka na 1,500 akiingia mpaka hela irudi? Aaa wapi. Uchungu wa hela ya wazee unawapata wakubwa pale tu anapopita mtu mwenye bajaji.

KUPANUA NINI, KUBORESHA NINI?

Sasa tuje kwenye wimbo wa siku hizi: kupanua na kuboresha.

Kigamboni inakua. Sensa ya 2012 ilikuta huko watu kama 160,000. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 300,000. Ni karibu mara mbili kwa miaka kumi. Magari yameongezeka, malori yameongezeka, na foleni lazima iongezeke. Anayesema miundombinu ipanuliwe anasema kweli.

Lakini angalia wanavyopanua. Daraja lilijengwa na njia sita. Ukishuka upande wa Kigamboni, njia sita zikakutana na barabara isiyolingana nazo. Kipande cha kuunganisha daraja na Vijibweni, kama kilometa moja na nusu tu, kikabaki kinatajwa kwenye hotuba za bajeti ya Wizara ya Ujenzi wakati daraja limekwisha kufunguliwa na hela imekwisha kuanza kukusanywa. Yaani lango la kukusanyia hela lilitangulia. Barabara ya kumfikisha mlipaji nyumbani ikaambiwa isubiri. Ukitaka kumjua mtu anathamini nini, angalia alichokimaliza kwanza.

Kuboresha nako ni hivyo hivyo. Ukisikia lango la kisasa, ujue wanazungumzia njia ya kuchukua hela yako haraka zaidi. Zamani ulipewa tiketi ya karatasi. Siku hizi kuna kadi, kuna simu, kuna kamera inayosoma namba ya gari. Pale Nairobi kwenye barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands, kilometa 27, iliyofunguliwa 2022, kuna kifaa kinabandikwa kwenye kioo na hela inakatwa gari likipita. Mambo mazuri, foleni inapungua, na karani hawezi kudokoa.

Lakini hebu niambie, ndugu msomaji: mashine inayoweza kujua kwa sekunde moja kwamba gari lako limepita na salio lako limebaki shilingi ngapi, inashindwaje kumwonyesha mpita njia jumla ya makusanyo ya mwezi na deni lililobaki? Haishindwi. Haijaagizwa. Kompyuta ile ile inaona salio lako, lako peke yako. Salio la upande wao ni mpaka mbunge asimame aulize swali, waziri ajibu, gazeti liandike, kisha kimya.

Wa Nairobi angalau wana unafuu mmoja: asiye na hela ya barabara ya juu anapita ya chini, Mombasa Road, bure, japo kwa foleni. Hata hivyo nao wameonja. Walianza kulipa 2022, Januari 2024 viwango vikapandishwa. Mtu wa Kigamboni asiyetaka daraja ana pantoni, ambayo nayo ni ya kulipia na ikiharibika ni kilio, au azunguke Mbagala na Kongowe, petroli iishe. Hayo si machaguo. Huko ni kumwambia mtu chagua fimbo utakayochapwa.

HATA ULAYA LANGO HALIJIFUNGI

Tusije tukadhani lango kugoma kufungwa ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Chukua mfano wa Uingereza, nchi ambayo wakubwa wetu wanapenda kwenda kutibiwa na kujifunza.

Karibu na London kuna kivuko cha Dartford kwenye mto Thames. Kulikuwa na njia mbili za chini ya mto, moja ya 1963 na nyingine ya 1980. Magari yakazidi, ikaamuliwa kupanua kwa kuongeza daraja, likafunguliwa 1991. Sheria ya 1988 iliwaambia wananchi: mtalipa mpaka deni liishe. Deni likaisha miaka ya mwanzo ya 2000. Je, lango lilifungwa? Aprili 2003 tozo ilibadilishwa jina tu, ikaitwa ya kupunguza msongamano, watu wakaendelea kutoa. Mwaka 2014 wakaja na uboreshaji: vibanda vikang'olewa, zikawekwa kamera. Vibanda viliondoka, malipo yakabaki. Septemba 2025 gari dogo likapandishwa kutoka pauni 2.50 hadi 3.50. Deni limekufa, tozo inanenepa!

Lakini huko huko Uingereza kuna mfano mwingine. Madaraja ya mto Severn, yanayoingia Wales, yalikuwa ya kulipia tangu la kwanza lilipofunguliwa 1966. Mkataba wa mwendeshaji ulipoisha Januari 2018 yakarudi mikononi mwa umma, na Desemba mwaka huo huo malipo yakafutwa kabisa. Lango likafungwa.

Na kule Scotland kuna kisiwa cha Skye. Daraja lake lilifunguliwa 1995 kwa hela ya kampuni binafsi, na siku hizo hizo kivuko cha boti pale kikaondolewa ili asiwepo wa kukwepa. Wakazi wakakataa kulipa. Wakakamatwa kwa mamia, wakapelekwa mahakamani, wakarudi darajani wakakataa tena. Desemba 2004 serikali ya huko ikalinunua daraja kwa kama pauni milioni 27 na tozo ikafa.

Mafunzo ni matatu. Dartford inatufundisha kwamba kupanua na kuboresha ni kisingizio kizuri cha kuanzisha deni upya kila la zamani linapokaribia kuisha. Severn inatufundisha kwamba mkataba ukiwa na mwisho, na watu wakausimamia, lango hufungwa. Skye inatufundisha kwamba hata pale mkataba ulipoandikwa vibaya, serikali inaweza kuununua ikitaka, na inataka pale wananchi wanaposema basi.

YANAKUJA MENGINE

Usiseme wewe ni mtu wa Morogoro, ya Kigamboni hayakuhusu. Yanakuja kwako. Barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro imekuwa ikipangwa kwa mtindo wa ubia na sekta binafsi. Zaidi ya kilometa 200 zimo kwenye mipango hiyo, na kipande cha Kibaha hadi Chalinze ndicho cha mwanzo. Ubia wenyewe si mbaya. Malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanapita njia hiyo, na foleni yake kila mtu anaijua. Ubaya ni kuingia ubia wa miaka mingi kwa mkataba ambao mlipaji hauoni, wakati hata lile somo dogo la mita 680 hatujalijibu.

Ndiyo maana tunasema, kabla hawajaongeza njia, kabla hawajaleta kamera, kabla hawajasaini karatasi nyingine yoyote, wananchi tudai mambo haya, na kila mmoja ayakariri.

Kwanza, ubao mkubwa usimamishwe kwenye kila lango la tozo nchini, kila mwezi uandikwe: gharama ya mradi, iliyokusanywa, iliyotumika kwa matengenezo, deni lililobaki. Tarakimu nne tu. Fundi rangi wa mtaani anaweza kuziandika kwa nusu siku.

Pili, sheria itaje mwisho. Deni likiisha au mwaka uliotajwa ukifika, lolote litakalotangulia, lango lifungwe bila kusubiri waziri aamke vizuri.

Tatu, upanuzi usianzishe saa upya. Anayelipa leo analipia daraja lililopo. Likiongezwa jingine, lipelekwe Bungeni kama deni jipya, wananchi waulizwe, wasikute limeunganishwa kinyemela na la zamani.

Nne, asitozwe mtu mahali ambapo hakuna njia nyingine ya bure inayopitika. Hiari bila njia ya pili si hiari.

Tano, kanuni iwe moja. Kama nchi imeamua kwamba madaraja makubwa yalipiwe, lango likajengwe na pale Coco Beach, tuone mashangingi yakipanga foleni. Kama nchi imeamua kwamba madaraja ni huduma ya kodi, basi Kigamboni nayo imo nchini.

Sita, mikataba ya ubia iwekwe wazi ikiwa bado haijasainiwa. Ikishasainiwa tunakuwa tunasoma wasia wa marehemu.

Watatuita wachochezi. Wamezoea. Anayeuliza hesabu kwenye familia huitwa mkorofi na yule aliyeitafuna. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo sita linalohitaji kumwaga damu wala kuvunja kioo cha mtu. Yanahitaji kalamu, ubao, na aibu kidogo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbunge wako akija kwenye mkutano kukusimulia njia nane na taa za kisasa, mwache amalize. Mpigie na makofi ukipenda. Halafu nyoosha mkono, simama, mwulize mbele za watu: mheshimiwa, kizuizi kile kitanyanyuliwa tarehe ngapi, mwezi gani, mwaka gani?

Akikujibu, andika. Akianza kukohoa, usikae chini.